Ibada ya Dakika Kumi: Kuishi Imani Nyumbani Siku za Kawaida

Nyumba nyingi za Wakristo mjini zina Biblia nne au tano, kalenda ya kanisa ukutani na sare ya kwaya kwenye kamba ya nguo, lakini hakuna anayekumbuka mara ya mwisho wenye nyumba walipoketi wakasali pamoja pasipo mgeni. Si kwamba watu hawana dini. Ratiba imejaa: Jumatatu kamati, Jumatano maombi, Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi jumuiya, Jumapili ibada mbili na kikao baada ya ibada. Mungu anatafutwa kila mahali isipokuwa pale watoto wanapokula chakula cha usiku na dada wa kazi.

Mwongozo huu ni wa nyumba. Haupingani na kanisa. Kanisa lenyewe limekuwa likisema hivi siku zote. Torati inaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo" (Kumbukumbu la Torati 6:7), na kati ya hizo nne hakuna hata moja inayohitaji jengo la kanisa. Martin Luther alipozunguka vijijini Saxony, Ujerumani, na kukuta Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana, mwaka 1529 alitoa katekisimu fupi ambayo sehemu zake anamwelekezea mkuu wa nyumba, awafundishe watu wake. Akaweka humo sala ya asubuhi na ya jioni. Ukisha kusali ya asubuhi, anasema, nenda kazini kwa furaha. Ukisha kusali ya jioni, lala mara moja bila wasiwasi. Napenda sana huo ufupi. Maaskofu wa Katoliki wa Afrika Mashariki nao, mwaka 1976, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika uchungaji, imani ikae mtaani na majumbani, karibu na watu wanaofahamiana kwa majina na kwa madeni.

Hatua ya 1: Tafuta saa ambayo tayari ipo

Wengi huanza kwa kutunga saa mpya. "Kuanzia kesho, saa kumi na moja alfajiri, wote sebuleni." Hudumu mpaka Alhamisi. Itazame siku ya nyumba yenu jinsi ilivyo, utafute pale ambapo watu wawili watatu wanakutana hata pasipo kuitwa.

Dar es Salaam basi la shule humchukua mtoto kabla hakujapambazuka, na baba anayefunga duka Kariakoo saa kumi na mbili hukwama kwenye foleni hadi saa tatu. Nyumba ya namna hiyo haina asubuhi wala usiku wa pamoja. Ina saa moja na nusu jioni, wali unapokaukia jikoni: mama yupo, watoto wapo, dada wa kazi yupo, labda na shangazi aliyekuja kutibiwa. Hiyo ndiyo saa yenu. Baba asisubiriwe. Akifika, mtoto mmoja apewe kazi ya kumsimulia kilichosomwa, na baba asikilize kabla hajashika simu. Kijijini Kagera au Rungwe mambo ni mepesi kidogo, maana giza linawakusanya watu jikoni na ndizi zina muda wake wa kuiva.

Ibada iwe kabla ya kula, isiwe baada. Mtoto aliyeshiba anasinzia, na mtu mzima aliyeshiba anataka tamthilia. Televisheni izimwe kabisa. Ikipunguzwa sauti tu, macho yatabaki huko. Umeme ukikatika, shukuruni, hiyo ni ibada iliyojipanga yenyewe.

Nani aongoze? Aliyepo. Nyumba nyingi hazisali kwa sababu mama anangoja baba aongoze, na baba anaona haya kwa kuwa hajui kuomba kama mchungaji. Paulo anapotaja chanzo cha imani ya Timotheo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Bibi anayejua kusoma aongoze. Binti wa darasa la sita aongoze. Dada wa kazi aongoze pia zamu yake ikifika, na hapo watoto watajifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayajafaulu kulifundisha.

Mzazi akiwa mbali naye ana nafasi. Mama anayefanya kazi Muscat saa yake iko mbele ya saa ya Tanga kwa saa moja tu. Anaweza kusoma aya chache kwenye WhatsApp alipo, akatuma sauti, na watoto wakaisikiliza jioni kabla ya kula. Sauti ya mama ikisoma Injili ina uzito kuliko simu ya kuuliza kama ada imelipwa.

Muda ni dakika kumi. Wekeni kengele kwenye simu. Ikilia, malizeni, hata kama baba ndiyo kwanza ameanza kupata upako. Nimeona watoto wengi waliochukizwa na sala kwa sababu ya urefu wake, na sijamwona hata mmoja aliyechukizwa kwa sababu ilikuwa fupi.

Hatua ya 2: Kitabu kimoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Acheni kufungua Biblia popote mkidhani Roho ataongoza kidole. Leo mtaangukia orodha ya ukoo katika Mambo ya Nyakati, kesho adhabu ya Sodoma, keshokutwa mtaacha. Anzeni na Injili ya Marko. Ina sura 16, inakwenda mbio, na imejaa nyumba: Yesu yuko ndani ya nyumba za watu katika sura nyingi.

Kama sura nzima ni ndefu kwa watoto wenu, okoteni visa kwa mpangilio. Mkwewe Simoni aliyelala na homa (1:29-31), kwa kuwa hakuna nyumba isiyoijua homa. Mtu aliyepooza akashushwa kwa dari iliyotobolewa (2:1-12). Watoto huuliza mara moja ni nani aliyeitengeneza ile dari, na ni swali zuri. Dhoruba baharini (4:35-41). Binti Yairo na yule mwanamke aliyemaliza mali yake yote kwa matabibu (5:21-43), hiki kipeni jioni mbili. Mikate mitano (6:30-44). Baba wa kijana mgonjwa (9:14-29). Watoto wanaozuiwa na wakubwa (10:13-16). Bartimayo anayepiga kelele huku umati ukimnyamazisha (10:46-52). Mjane na senti zake mbili (12:41-44). Gethsemane, marafiki wanaposinzia (14:32-42). Petro na jogoo (14:66-72). Kaburi asubuhi (16:1-8). Ni visa kumi na viwili, na kwa jioni tatu za wiki vinatosha mwezi mzima.

Biblia ipi? Ile ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 ina Kiswahili kitamu kinachokaa kichwani miaka mingi, na mistari ya kukariri ni heri itoke humo. Kwa mtoto wa miaka saba, Habari Njema inamfikia haraka zaidi. Someni hii, mkaririshane ile. Wenye Biblia ya simu waisome kwenye kitabu cha karatasi wakiwa ibadani, kwa sababu wote tunajua ujumbe unavyoingia katikati ya aya.

Baada ya Marko nendeni Ruthu, sura 4 tu, kisa cha njaa, msiba, kuhama na mkwe anayekataa kumwacha mama mkwe wake. Kisha Mithali, ambazo zina sura 31 na zinakwenda sawa na tarehe za mwezi. Ufunuo ungoje. Najua vijana wanaupenda, lakini nyumba inayoanza na mnyama mwenye pembe kumi huishia kubishana juu ya chanjo na namba za siri za benki.

Hatua ya 3: Ulizeni, msihubiri

Aliyesoma aulize maswali matatu, yaleyale kila jioni, ili hata mwenye haya ajiandae. Nani yumo katika kisa hiki? Kipi kimekushangaza? Wewe ungekuwa nani hapo? Basi. Mtu akijibu kwa sentensi moja, inatosha. Akisema "sijui", inatosha pia.

Kazi ngumu ni ya mzazi: kunyamaza baada ya jibu la mtoto. Kila mzazi Mkristo ana mahubiri madogo kooni yanayosubiri nafasi. Mtoto akisema, "Mimi ningekuwa mmoja wa wale waliokimbia," usimwambie watoto wa Mungu hawakimbii. Hata Petro alikimbia. Mwulize tu, ungekimbilia wapi?

Siku moja litakuja swali zito. "Kwa nini Mungu hakumponya bibi, na tuliomba kila siku?" Hapa ndipo imani ya mtoto inapojengwa au kubomolewa, na linaloibomoa zaidi ni jibu la haraka. Usimwambie Mungu alimpenda bibi zaidi, maana ataanza kuogopa kupendwa na Mungu. Usimwambie imani yetu ilikuwa ndogo, maana atajihesabu yeye ndiye aliyemuua bibi. Mwambie hujui, kwamba na wewe umeumia, kisha mfungulie baba wa yule kijana katika Marko 9, aliyemwambia Yesu kwa kupaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza. Alimponya mwanawe.

Hatua ya 4: Sala fupi, yenye majina

Kila mmoja aseme jambo moja la kushukuru na mmoja wa kumwombea, kwa jina. "Mungu, asante kwa mvua. Mkumbuke Mwalimu Neema, anaumwa." Kisha Sala ya Bwana kwa pamoja. Wakatoliki wana hazina yao tayari: fumbo moja tu la rozari latosha jioni ya kazi, na mwezi wa tano, wa Bikira Maria, na wa kumi, wa rozari, yafaa kuongeza. Walokole wanaojua kuomba bila kitabu wakumbuke kwamba mtoto anahitaji pia maneno anayoyajua kwa moyo, ili siku atakayokosa maneno yake mwenyewe awe na ya kushika.

Kuna aina moja ya sala naomba ipigwe marufuku nyumbani: sala ya kusemana. "Ee Bwana, mguse Baraka aache uvivu na kuchati usiku kucha." Baraka yupo hapo, amefumba macho, anasikia kila neno, na Mungu anajua kwamba haambiwi yeye. Wenye ndoa nao wana toleo lao: "Bwana, wape wanaume wa nyumba hii moyo wa kuwajibika." Kama una neno na mtu, ongea naye jikoni. Sala isiwe kipaza sauti.

Nunueni daftari la shule, lile la kurasa 64. Upande wa kushoto andikeni mnachoomba na tarehe. Upande wa kulia, miezi ikipita, andikeni kilichotokea. Andikeni kweli. "Amepata kazi." "Amefariki, tarehe fulani." "Bado." Nyumba nyingine huandika ushindi peke yake, na mtoto akikua anagundua kwamba hesabu zilipikwa. Zaburi hazikupikwa. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu, "hata lini utanisahau?", na ya 88 inaishia gizani kabisa, pasipo mstari wa faraja mwishoni. Waliokusanya Zaburi waliiacha vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Ipeleke kazini

Dakika kumi za jioni hazina maana kama saa nyingine zote ni za mtu mwingine. Sizungumzii kuhubiri ofisini. Nazungumzia kumkumbuka Mungu ukiwa umeshika kazi.

Karne ya 17 alikuwepo Paris bruda wa shirika la watawa la Karmeli, Nicolas Herman, ajulikanaye kama Bruda Lawrence, aliyewahi kuwa askari na akarudi na mguu mbovu. Hakuwa padri wala msomi. Aliwekwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda, na baadaye akawa anatengeneza viatu vya watawa. Humo katika kelele za sufuria alijizoeza kuzungumza na Mungu kama mtu aliye karibu, hadi akasema hakuona tofauti kati ya saa ya sala na saa ya kazi. Alifariki mwaka 1691, na watu bado wanasoma barua zake.

Mama lishe anaweza kufanya hivyohivyo. Chagua tendo moja unalolifanya kila siku bila kukosa, ulifunge na sentensi moja. Ukiwasha jiko la mkaa: "Bwana, wanaokuja kula leo ni wageni wako." Dereva wa bodaboda anapovaa helmeti: "Nifikishe, na ninayembeba umfikishe." Mwalimu akishika chaki, muuguzi akinawa mikono kati ya kitanda na kitanda. Tendo moja tu kwa mwezi wa kwanza. Usitake kuombea kila kitu, utachoka na kuacha.

Halafu liko jambo la mizani. Muuza mchele aliyeomba asubuhi na kupima kilo pungufu mchana ameomba nini? Paulo aliwaandikia Wakolosai, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu" (3:23), na aliowaandikia hapo walikuwa watumwa, watu wasio na mshahara wala sifa. Yesu mwenyewe alianza huduma akiwa na umri wa kama miaka thelathini (Luka 3:23), na watu wa kijiji chake walimjua kwa ufundi wake: "Huyu si yule seremala?" Miaka mingi ya ukimya ilipita Nazareti, akiwa na mbao, wateja na ndugu wa nyumba moja. Anayeona maisha yake ni madogo mno kwa Mungu aifikirie hiyo miaka.

Hatua ya 6: Pesa zionekane

Watoto hujua mzazi anaamini nini kwa kutazama pesa inapokwenda. Mara moja kwa mwezi, mishahara ikitoka au mahindi yakiuzwa, kaeni na walio na umri wa kuelewa muandike: chakula, kodi, ada, nauli, marejesho ya kikoba, dawa za babu, sadaka. Si lazima wajue kila senti. Waone tu kwamba sadaka ina mstari wake na babu ana mstari wake.

Nasisitiza babu kwa sababu hapa imani yetu inayumba. Wapo wanaomaliza bahasha zote, ya zaka, ya ujenzi, ya ahadi, ya mtumishi mgeni, huku mzazi kijijini hana pesa ya dawa ya presha. Yesu alikutana na jambo hilo. Katika Marko 7:9-13 anawakemea waliowaambia wazazi wao kwamba walichotarajia kusaidiwa nacho ni Korbani, yaani kimeshatolewa kwa Mungu. Anasema hapo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Someni aya hizo kabla ya harambee.

Na dada wa kazi alipwe tarehe ile mliyopatana. Waraka wa Yakobo (5:4) unasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha walionyimwa kimefika masikioni mwa Bwana. Nyumba inayosali kila jioni na kumtaka mfanyakazi avumilie hadi mwezi ujao ina kelele mbili zinazopanda juu kwa pamoja.

Hatua ya 7: Samahani itoke juu

Kama ningepewa kuchagua hatua moja tu, ningechagua hii. "Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka," anasema Paulo (Waefeso 4:26). Nyumbani kwetu samahani imezoea kupanda kutoka chini: mtoto kwa mzazi, mke kwa mume, mdogo kwa mkubwa. Injili inakwenda kinyume, Mungu ndiye anayeanza.

Basi mzazi aliyemfokea mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya amwite kabla ya kulala, au aende alipo, aketi ili macho yalingane, aseme kosa lake kwa jina: "Nilikuambia umeiba elfu mbili. Hukuiba. Nimekukosea, naomba unisamehe." Aishie hapo. Asiongeze "lakini na wewe ulizidi kunyamaza." Neno "lakini" huibatilisha samahani yote. Wala asimlazimishe mtoto aseme amesamehe papo hapo.

Wako watakaosema heshima itapungua. Haipungui. Inayopungua ni hofu, na wengi tumekuwa tukiviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Kati ya mume na mke, wekeni utaratibu wa kumaliza maneno kabla ya ibada, hata kwa sentensi moja: "Tutaongea baada ya kula, sijakasirika tena" au "Bado nimekasirika, lakini nitakaa." Watoto wanajua mlivyo. Kuwaongoza kusali huku hamsemeshani ni kuwafundisha kwamba dini ni ya kuficha.

Lakini kama nyumbani kuna kipigo, vitisho, au mtoto anaguswa vibaya, hiyo si ugomvi wa kumalizwa kwa sala na kusameheana. Usikubali kuambiwa uvumilie kwa ajili ya ndoa. Toka mahali penye hatari, mwambie mtu unayemwamini, nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya pia. Mchungaji au padri mwema atakusindikiza huko, hatakurudisha nyumbani na mstari wa Biblia.

Nyumba ambazo si za imani moja

Hizi ni nyingi kuliko mahubiri yanavyodhani. Mume Mwislamu na mke Mkatoliki. Baba wa KKKT, kanisa la Kilutheri, na mama aliyehamia kanisa la uamsho. Kijana aliyerudi kutoka chuo akisema haamini tena. Petro aliwaambia wake wa waume wasioliamini Neno kwamba waume hao waweza kuvutwa "pasipo lile neno", kwa mwenendo (1 Petro 3:1). Kwa hiyo asiyeamini asiviziwe. Aalikwe mara moja, waziwazi, kisha aachwe huru kukaa au kutoka, na akikaa asiombwe asali. Shukrani kabla ya chakula karibu wote hukubaliana nayo, anzieni hapo.

Kijana wa miaka kumi na sita ni habari nyingine. Mimi ningemtaka akae zile dakika kumi, kama anavyotakiwa kula na wenzake, ila asilazimishwe kusema wala kufumba macho. Akiwa na mashaka, ayalete mezani, yasipelekwe kwa mchungaji kama kesi. Na akienda bweni, msimtumie mstari kila asubuhi. Mtumieni habari za nyumbani na mumwambie mlimtaja jioni.

Mgonjwa au msiba ukiingia

Ibada isiachwe, ifupishwe. Zaburi moja, Sala ya Bwana, basi. Zaburi ya 4 inaisha kwa mstari wa kulala nao: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Msomeeni mgonjwa taratibu, hata akionekana hasikii.

Dawa na sala zikae meza moja. Mtu yeyote, awe nabii au mwinjilisti, anayemwambia mgonjwa aache ARV, insulini au dawa ya kifafa ili kuonyesha imani, mlango afungiwe. Yule mwanamke wa Marko 5 hakukemewa kwa kwenda kwa matabibu; kisa kinasimulia tu kwamba walimtesa na kummaliza pesa, jambo ambalo hata baadhi ya wauza mafuta ya upako wa siku hizi wanalifanya.

Wiki za matanga nyumba inajaa watu, na ibada inaongozwa na wengine. Hatari ni baada ya arobaini, watu wanapoondoka. Hapo ndipo familia irudi mkekani, hata kama ni wawili waliobaki, na jina la marehemu litajwe katika shukrani. Watoto hasa wanahitaji kulisikia likisemwa.

Siku ya kupumzika, na siku mtakazoruka

Wasabato wanatushinda sisi wengine hapa. Tangu walipofika Giti, Upare, mwaka 1903, nyumba zao zimejua kuifungua Sabato Ijumaa jua linapozama: chakula kimeshapikwa, nguo zimepigwa pasi, wimbo unaimbwa, na biashara inangoja. Anayesali Jumapili anaweza kuiga hivyo Jumamosi jioni. Pika viporo vya kesho, piga pasi, zima kundi la WhatsApp la kazini hadi Jumatatu. Na Jumapili mchana, mkishatoka ibadani, msiende kikao. Zaburi ya 127 inasema Mungu "humpa mpenzi wake usingizi", kwa hiyo mama akilala saa mbili nzima mchana huku baba akiosha vyombo, hiyo nayo ni ibada, na pengine ndiyo itakayokumbukwa zaidi.

Mtaruka siku. Wiki ya mitihani, wiki ya wageni, wiki ya kuhama. Siku zilizorukwa hazilipwi; msisome sura tano Jumamosi ili kufidia. Msifanye pia kikao cha kulaumiana wala kutangaza mwanzo mpya wenye maazimio. Aliye wa kwanza kukumbuka achukue Biblia, aulize, "Tuliishia wapi?", na kama hakuna anayejua, rudini kwenye kisa cha mwisho mnachokikumbuka wote. Mara nyingi kitakuwa kile cha dari iliyotobolewa.